Dubai hadi Guangzhou: jinsi ya kukokotoa umbali wa anga na muda halisi wa safari

Tuseme tiketi ya kwenda Guangzhou kutoka Dubai imeandikwa kuondoka 10:30, kufika 22:00, na ya kurudi imeandikwa kuondoka 00:15, kufika 04:40. Ukitoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, utadhani kwenda kunachukua saa 11 na nusu na kurudi saa 4 na dakika 25. Hesabu zote mbili si sahihi. Kwa ratiba hiyo kwenda ni saa 7 na nusu, na kurudi ni saa 8 na dakika 25. Safari inayoonekana fupi kwenye karatasi ndiyo ndefu zaidi angani. Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo, Gikomba na Kampala hupitia Dubai kwenda kuchukua mzigo Guangzhou, na anayekosea hapa hukosea pia siku ya hoteli, saa ya kupokelewa uwanjani na muda wa kuunganisha ndege ya nyumbani.

Kuna mambo matatu ambayo watu huyachanganya: umbali, muda wa kuruka, na saa za ukutani. Umbali haubadiliki. Muda hubadilika kwa upepo na njia. Saa za ukutani zinategemea nchi imejiwekea saa gani. Yafanye kwa mpangilio huo na hutapotea. Hapa chini, "saa 7 na dakika 30" ni muda unaopita, na wakati wa kuondoka au kufika umeandikwa kama kwenye tiketi: 10:30, 22:00.

Anza na viwanja, si miji

Umbali wa anga hupimwa kutoka uwanja hadi uwanja. Dubai ina viwanja viwili: DXB, ule wa zamani ulio karibu na Deira, na DWC, yaani Al Maktoum, ulio mbali upande wa kusini. Uwanja wa Guangzhou ni Baiyun, msimbo wake CAN, kama kilomita 28 kaskazini mwa katikati ya jiji.

Soma msimbo wa herufi tatu kabla ya kulipa, maana majina ya miji ya China yanafanana sana kwa jicho la mgeni. Hangzhou ni HGH, Zhengzhou ni CGO, na yote miwili iko mbali na Guangzhou, safari ya ndege nyingine kabisa. Kama hukuona CAN kwenye tiketi, huendi Guangzhou.

Kisha tafuta latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili. Ukibonyeza na kushikilia uwanja kwenye ramani ya simu, namba hutokea. Tutatumia hizi:

DXB: latitudo 25.2528 kaskazini, longitudo 55.3644 mashariki
CAN: latitudo 23.3924 kaskazini, longitudo 113.2988 mashariki

Baadhi ya vyanzo huandika kwa digrii, dakika na sekunde. Baiyun ni 23°23′33″, na hiyo si 23.2333. Gawa dakika kwa 60, gawa sekunde kwa 3,600, jumlisha na digrii: 23 + 0.3833 + 0.0092, unapata 23.3925. Ukiandika 23.2333 umeuhamisha uwanja kilomita 18 hivi kusini.

Hesabu ya umbali kwa kalkuleta ya simu

Unahitaji kalkuleta yenye saini na kosaini (vitufe vya sin na cos). Kwenye simu nyingi hutokea ukiilaza simu ubavu. Hakikisha iko kwenye digrii, si radiani, kabla ya kugusa namba yoyote. Jaribio ni rahisi: tafuta saini ya 25.2528. Ikija 0.4266, endelea. Ikija 0.1198, kalkuleta iko kwenye radiani na kila kitakachofuata kitakuwa takataka.

1. Toa longitudo ndogo kwenye kubwa: 113.2988 − 55.3644 = 57.9344. Viwanja vyote viwili viko mashariki, ndiyo maana tunatoa. Kimoja kingekuwa magharibi, ungejumlisha.

2. Zidisha saini za latitudo mbili: 0.42661 × 0.39703 = 0.16938.

3. Zidisha kosaini za latitudo mbili, kisha uzidishe na kosaini ya 57.9344: 0.90443 × 0.91781 × 0.53089 = 0.44069.

4. Jumlisha majibu ya hatua ya pili na ya tatu: 0.61007.

5. Tafuta pembe yenye kosaini hiyo. Kitufe chake huandikwa cos⁻¹ au acos. Jibu ni digrii 52.405.

6. Zidisha na 111.195, ambazo ni kilomita za digrii moja kwenye dunia yenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371. Jibu: kilomita 5,827.

Usikate desimali njiani. Ukiifanya 0.61007 kuwa 0.6, pembe inakuwa 53.13 na umbali 5,908, kosa la kilomita 80 kwa uvivu wa tarakimu chache. Beba desimali tano hadi mwisho, ukate kwenye jibu tu.

Tovuti tofauti zitakupa namba zinazopishana kwa kilomita kumi au ishirini. Zinaweza zote kuwa sahihi: dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake, kwa hiyo anayeihesabu kama mpira kamili na anayehesabu umbo lake halisi hawapati jibu lilelile. Tofauti hiyo haifiki nusu ya asilimia. Kuruka kwenye kimo cha kilomita 11 nako huongeza kama kilomita 10 tu kwa safari nzima. Hayo usiyahangaikie.

Cha kuhangaikia ni vipimo. Umbali huuhuu ni maili 3,621 za nchi kavu, na maili 3,146 za baharini, ambazo ndizo marubani wanazotumia. Maili moja ya nchi kavu ni kilomita 1.609, ya baharini ni kilomita 1.852. Ukisoma "maili 3,146" ukazizidisha na 1.609 utapata kilomita 5,062, na safari imekatwa karibu saa nzima bila sababu. Ukiona kifupi nm, ni maili za baharini. Ukiona mi, ni za nchi kavu.

Hesabu hii inafanya kazi kwa miji yoyote miwili, mradi uheshimu alama. Kusini mwa ikweta latitudo huwekewa alama ya kutoa. Uwanja wa Julius Nyerere wa Dar es Salaam ni −6.8781, longitudo 39.2026. Dubai hadi Dar inatoka karibu kilomita 3,980. Ukisahau alama ya kutoa, utapata karibu 2,670, kama kwamba Dar iko kaskazini mwa ikweta. Hili ndilo kosa linalowapata zaidi watu wa kwetu, kwa sababu mifano mingi mtandaoni ni ya miji ya kaskazini tupu.

Njia inayopitwa kweli

Mstari mfupi kabisa kati ya DXB na CAN haulali sawasawa kwenye ramani. Unapanda kaskazini hadi karibu latitudo 27.4, juu ya tambarare za kaskazini mwa India, unapita kusini mwa Nepali, kisha unashuka kuelekea Yunnan, jimbo la kusini-magharibi mwa China, na Guangzhou. Ukichora kwa rula kwenye ramani ya ukutani utapata njia ndefu zaidi, ingawa hapa ni kama kilomita 47 tu, kwa kuwa miji yote miwili iko karibu na tropiki ya Kansa. Kwa miji iliyo kaskazini zaidi pengo hilo huwa mamia ya kilomita.

Ndege haifuati mstari huo kwa ukamilifu. Hufuata njia za anga zilizopangwa, na kwa kawaida hutoka juu ya Ghuba ya Oman, hupita Pakistan na India, hukata Bangladesh na Myanmar, kisha huingia China kupitia Yunnan. Haijipitishi juu ya uwanda wa Tibet hata pale ambapo mstari unakaribia huko, na sababu ni ya usalama. Hewa ikivuja ndani ya ndege, rubani anatakiwa kushuka haraka hadi futi 10,000 hivi ili abiria wapumue, na vifaa vya oksijeni vya abiria kwenye ndege nyingi vimetengenezwa kutoa hewa kwa dakika 12 hadi 22. Juu ya Tibet ardhi yenyewe imepita futi 10,000. Hakuna pa kushukia.

Ongeza pia mzunguko wa kupaa na wa kupanga foleni ya kutua. Kwa safari hii asilimia 5 juu ya umbali wa mstari ni makadirio mazuri: 5,827 × 1.05, yaani kilomita 6,120 hivi. Nchi ikifunga anga, asilimia hiyo haifai tena. Kuanzia Februari hadi Julai 2019 Pakistan ilifunga sehemu kubwa ya anga yake, na ndege nyingi za Ghuba kwenda Asia zikalazimika kuzunguka. Kukiwa na mgogoro kwenye njia hii, tazama njia iliyopitwa wiki hiyo kabla ya kuamini hesabu yoyote.

Kutoka umbali kwenda muda

Ndege kubwa za safari hii, kama Boeing 777, Airbus A350 au A380, husafiri kwa Mach 0.84 hadi 0.85, yaani asilimia 84 hadi 85 ya mwendo wa sauti. Kwenye baridi ya kimo kile, hiyo ni karibu kilomita 895 kwa saa ndani ya hewa. Neno muhimu ni "ndani ya hewa". Hewa yenyewe inasogea, na ndege husogea nayo. Upepo wa nyuma hujumlishwa, upepo wa mbele hutolewa.

Bila upepo: 6,120 ÷ 895 = 6.84. Hizo si saa 6 na dakika 84, wala si saa 7 na dakika 24. Chukua 0.84 uzidishe na 60: dakika 50. Kwa hiyo saa 6 na dakika 50. Kisha ongeza dakika 20 kwa ajili ya mwendo mdogo wa kupaa na kushuka, na dakika 30 za ndege kutembea ardhini kwenye viwanja vyote viwili. Jumla saa 7 na dakika 40.

Ongezeko hilo la dakika 50 ndilo watu wanalolisahau, halafu wanashangaa ratiba haikubaliani na hesabu yao. Muda ulio kwenye tiketi huanza ndege inapoachia geti na huisha inaposimama kwenye geti. Muda wa kuruka huanza magurudumu yanapoacha ardhi. Programu za kufuatilia ndege kama Flightradar24 na FlightAware huonyesha vyote viwili, kwa hiyo soma ni upi unaotazama.

Sasa weka upepo. Juu ya kaskazini mwa India na Nepali, wakati wa baridi, hupita mkondo wa upepo mkali kutoka magharibi kwenda mashariki. Kiini chake kinaweza kupita kilomita 200 kwa saa, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, lakini ndege haiko ndani yake safari nzima, kwa hiyo tumia wastani mdogo zaidi. Kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa:

Kwenda: 6,120 ÷ 955 = saa 6.41, yaani saa 6 na dakika 25. Pamoja na dakika 50, saa 7 na dakika 15.
Kurudi: 6,120 ÷ 835 = saa 7.33, yaani saa 7 na dakika 20. Pamoja na dakika 50, saa 8 na dakika 10.

Kwa wastani wa kilomita 100, kwenda hushuka hadi saa 7 kamili na kurudi hufika saa 8 na nusu. Tofauti ya saa moja na nusu kwa umbali uleule. Kuanzia Juni hadi Septemba mkondo huo huhamia kaskazini ya Himalaya, na kwenda na kurudi hukaribiana zaidi. Ukikadiria safari ya Juni hadi Septemba kwa muda wa Januari, utakosea pande zote mbili.

Ukitaka uhakika kuliko hesabu, fungua namba ya ndege yako kwenye programu ya kufuatilia, tazama safari za siku saba zilizopita, uandike muda mfupi na mrefu kuliko yote. Usitumie wastani wa mwaka. Siku saba zinakupa upepo wa msimu huu na njia ya wiki hii.

Saa za ukutani, na saa zetu za Kiswahili

Dubai iko saa 4 mbele ya UTC, saa ya kimataifa ambayo nchi zote hupimia saa zake. China yote, kutoka Kashgar hadi Shanghai, iko saa 8 mbele ya UTC. Hakuna hata mmoja anayesogeza saa kwa msimu, kwa hiyo pengo la Dubai na Guangzhou ni saa 4 mwaka mzima. Dar, Nairobi na Kampala ziko saa 3 mbele ya UTC: pengo la saa 1 na Dubai, saa 5 na Guangzhou. Nchi unazopita katikati zina saa zake, India ikiwa na nusu saa ndani yake, lakini hizo haziingii kwenye hesabu.

Njia isiyokosea ni kurudisha kila kitu kwenye UTC. Kwenda: 10:30 − 4 = 06:30, na 22:00 − 8 = 14:00. Kati yake ni saa 7 na dakika 30. Kurudi: 00:15 ya Guangzhou ukitoa 8 ni 16:15 ya siku iliyotangulia, na 04:40 ya Dubai ukitoa 4 ni 00:40. Kutoka 16:15 hadi 00:40 ni saa 8 na dakika 25.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye kutafsiri saa za tiketi kwenda saa tunazosema sisi. Tiketi ikisema 10:30 ni saa nne na nusu asubuhi, na 22:00 ni saa nne usiku: toa sita kwenye saa ya asubuhi, toa kumi na nane kwenye saa ya usiku. Wengi huliweza hilo. Kinachowaacha watu ni 00:15.

Tiketi ikisema 00:15 tarehe 12, ni saa sita na robo ya usiku wa kuamkia tarehe 12. Unatakiwa uwe uwanjani saa tatu usiku ya tarehe 11. Mtu anayesema "naondoka tarehe 12 usiku", akalala hotelini tarehe 11, akaenda uwanjani jioni ya tarehe 12, amechelewa kwa siku nzima kasoro saa chache, na tiketi ya namna hiyo mara nyingi haibadilishwi bure. Ndege yoyote kati ya 00:00 na 05:59, andika kwenye karatasi tarehe na saa ya *kutoka hotelini*, kwa Kiswahili, umwonyeshe mwenzako. Ukiagiza mtu akupokee, mpe pia tarehe ya kufika, maana alama ndogo ya +1 (siku inayofuata) pembeni mwa saa ya kufika hupitwa na macho.

Simu iliyo kwenye hali ya ndege itaendelea kuonyesha saa ya Dubai hadi ipate mtandao China. Usitegemee kengele yake kabla ya hapo.

Kuunganisha ndege

Ukirudi na kufika Dubai 04:40, na ndege ya Dar iko asubuhi hiyohiyo, usipime pengo kwa ratiba tupu. Chukua muda mrefu kuliko yote uliouona kwenye zile siku saba, uongeze kwenye saa ya kuondoka, ndipo uhesabu pengo. Guangzhou yenyewe huchelewesha: anga ya Mto Lulu inabeba pia viwanja vya Hong Kong, Shenzhen, Macau na Zhuhai, na radi za kiangazi au tufani za Julai hadi Septemba hufunga milango hiyo kwa pamoja. Upande wa Dubai kuna ukungu wa alfajiri katika miezi ya baridi, saa zilezile ndege kutoka mashariki zinapotua.

Kama safari zote ziko kwenye tiketi moja, shirika ndilo linalokutafutia ndege nyingine ukichelewa, na mzigo huandikiwa hadi mwisho. Saa mbili zinatosha. Kama umenunua tiketi mbili tofauti ili upunguze gharama, ukichelewa hasara ni yako, na huenda ukalazimika kuingia nchini kuchukua mzigo na kuuandikisha upya, jambo linalohitaji viza ya Falme za Kiarabu kwa mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya. Hapo acha saa tano au sita, au ulale Dubai. Uliza kuhusu viza na mzigo kabla ya kulipa tiketi ya pili.

Kwa wanaofika Guangzhou 22:00: uhamiaji, alama za vidole na mkanda wa mizigo huchukua saa moja hadi moja na nusu, nayo metro hufungwa kabla ya usiku wa manane. Panga teksi, na uwe na anwani ya hoteli kwa herufi za Kichina kwenye simu, kwa sababu dereva hataisoma kwa herufi zetu. Ukitoka nje saa tano na nusu usiku, nyumbani ni saa kumi na mbili na nusu jioni, na bado unaweza kupiga simu.